Baba alitutesa, sasa naombwa nimfungulie gereza la roho

BARUA

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Baraka, Fizi, Kivu ya Kusini. Vita vya 1996 vilipofika kwetu tulivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, tukapelekwa kambi ya Nyarugusu, na ujana wangu wote uliishia pale. Mwaka 2016 tukapata safari ya Marekani: mama, mimi na mume wangu, na mdogo wangu wa mwisho. Tunakaa West Valley City, Utah. Baba hakufika. Alifariki kambini mwaka 2006 na kaburi lake liko hukohuko.

Lazima nikueleze alikuwa mtu gani. Kanisani alikuwa shemasi wa Wapentekoste, na kwa maombi hakuna aliyemfikia. Siku ya mgao kadi ya chakula aliishika yeye, na unga ukifika nyumbani nusu yake ilikuwa imeshaishia kwa muuza gongo. Mama hasikii sikio la kushoto mpaka leo kwa sababu ya mkono wake. Sote nyumbani tumezoea kukaa upande wake wa kulia, hata wanangu, ingawa hawajui sababu. Mdogo wangu mwingine alipandwa na malaria usiku. Baba alikataa tusimpeleke zahanati, maana jioni ile alikuwa amempiga mama usoni na hakutaka majirani waone. Asubuhi mtoto alikuwa ameshakata roho. Alikuwa na miaka sita. Baba alipofariki, watu walilia. Mimi nilisonga ugali nikala nikashiba. Mungu anisamehe.

Hapa Utah nilibatizwa mwaka 2018 katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao watu huwaita Wamormoni. Madada wawili wamisionari walikuja nyumbani wakanichorea kwenye karatasi jinsi mtu anavyokwenda baada ya kufa: ulimwengu wa roho, ufufuo, kisha falme tatu, moja kama jua, moja kama mwezi, moja kama nyota. Wakaniambia mtoto anayekufa kabla ya kufikisha miaka minane anaingia ufalme wa juu kabisa, wa selestia. Nililia siku ile. Tangu mdogo wangu azikwe hakuna mtu aliyewahi kuniambia yuko wapi. Basi nikaingia kanisa kwa moyo wote. Nikaacha hata chai, na wewe unajua maana ya mtu wa kwetu kuacha chai.

Sasa tatizo. Katika tawi letu la Kiswahili kuna dada anayetusaidia mambo ya historia ya familia. Tulikaa naye, tukaandika majina ya wazee, na jina la baba likatoka limechapishwa kwenye kadi ya buluu ya kwenda nayo hekaluni. Mdogo wangu wa mwisho, ana miaka 24, anataka kuingia majini, yaani kubatizwa kwa niaba ya baba, kama kanisa letu linavyowafanyia marehemu. Yeye alikuwa na miaka mitano baba alipofariki. Anakumbuka tu kubebwa mabegani kwenda ibadani. Kadi ninayo mimi, nimeiweka ndani ya Biblia ya Kiswahili tuliyokuja nayo kutoka kambini, na kila Jumapili ananiuliza, “Yaya, tunakwenda lini?”

Mama hataki kusikia. Yeye bado ni Mpentekoste. Anasema imeandikwa kwamba mtu hufa mara moja na baada ya hapo ni hukumu, kwa hiyo tumwachie Mungu mtu wake. Na mama mmoja wa kanisani aliniambia nisimcheleweshe marehemu, kwamba yuko gerezani, kule katika ulimwengu wa roho, anausubiri mkono wangu.

Maneno hayo yamenikaa kifuani. Ukweli ni kwamba mimi nataka baba aadhibiwe. Nimelisema. Lakini nikisoma Mafundisho na Maagano, kitabu kitakatifu cha kanisa letu, naona hata waongo na wazinzi mwishoni watapewa utukufu wa nyota, ambao wanasema hata akili haiufikii. Je, hivi sasa anaadhibiwa au haadhibiwi? Nikikataa, ni mimi ninayemfungia? Na nikikubali, halafu tukaunganishwa hekaluni kama familia, nitakuwa binti yake milele? Nilikimbia vita, nikakimbia kambi, na yeye nikimbilie wapi? Usiku naota anagonga mlango ananiita kwa jina.

Nisaidie, ila usinichapishie jina.

Mtoto wa kwanza, Utah

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mdogo wako, na pole kwa yale yaliyokukaa kifuani.

Umeniuliza kama baba yako anaadhibiwa, kama ni wewe unayemzuia asitoke, na kama kumtoa kutakufunga naye milele. Nyuma ya hayo nasikia swali jingine ambalo hukuliandika: kama binti anayetamani baba yake alipe alichofanya bado anaweza kuwa mtu mwema. Hilo ndilo linalokuamsha usiku, nadhani, kuliko zile falme tatu.

Niseme mapema kwamba mimi si wa kanisa lako. Nimelelewa Kilutheri, na kwetu habari ya kubatizwa kwa niaba ya marehemu haipo, kama isivyokuwepo kwa Wapentekoste wa mama yako. Wakatoliki wana toharani na misa za kuombea wafu, lakini ubatizo hapana. Kwa hiyo nitakuambia nilichosoma katika vitabu vyenu kwa heshima, na rais wa tawi lako, yaani kiongozi wenu wa hapo, ana haki ya kunisahihisha.

Nianze na adhabu. Umeshika mwisho wa habari, ukaruka katikati. Ni kweli kwamba maono ya Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa lenu, na mwenzake Sidney Rigdon ya Februari 1832 kule Hiram, Ohio, ambayo kwenu ni sehemu ya 76 ya Mafundisho na Maagano, yaliiacha jehanamu ya milele karibu tupu. Wanaobaki gizani moja kwa moja ni wale wachache wanaoitwa wana wa upotevu, waliomjua Mungu kwa hakika kisha wakamgeuka. Hata baadhi ya wafuasi wa mwanzo waliona huruma hiyo imezidi, kwa hiyo si wewe peke yako. Lakini soma tena sehemu hiyohiyo. Hao waongo na wazinzi hawafufuki pamoja na wengine. Wanatupwa jehanamu kwanza, wanabaki huko mpaka miaka elfu ya utawala wa Kristo iishe, na hata wakipata utukufu wa nyota, mahali wanapokaa Mungu na Kristo hawafiki. Kitabu cha Mormoni nacho, katika Alma 40, kinasema roho za waovu tangu kifo hadi ufufuo zinakaa katika giza na hofu. Na sehemu ya 138, maono ya Joseph F. Smith, rais wa kanisa lenu wakati huo, ya Oktoba 1918, inasema wafu wanaotubu watakombolewa kwa ibada za hekaluni, kisha inaongeza jambo ambalo mara nyingi halisemwi kwenye vipindi vya historia ya familia: wanapokea thawabu yao baada ya kulipa adhabu ya makosa yao.

Nimekaa sana kwenye mstari huo kwa ajili yako. Kwa imani yenu yenyewe, kadi ile ya buluu haifuti usiku wa malaria. Mdogo wako akiingia majini mara moja kwa niaba ya baba, baba haponyoki. Atatakiwa atubu mwenyewe, aukubali ubatizo mwenyewe au aukatae, na deni lake lipo palepale.

Ila sitakudanganya. Mafundisho hayohayo yanaacha uwezekano kwamba atatubu kweli, na siku moja akafika alipo mdogo wako. Utaambiwa kwamba mtu aliyetubu kweli si yule tena aliyewafungia mlango usiku ule. Huenda ni kweli. Huenda pia leo huwezi kuisikia sentensi hiyo bila kutaka kutoka nje, na sitakuomba uimeze kwa nguvu.

Kuna jambo nililoliona nilipofuatilia mafundisho haya yalikotoka. Joseph Smith alikuwa na kaka yake, Alvin, aliyefariki mwaka 1823 bila kubatizwa. Mhubiri wa mazishi akawadokezea wafiwa kwamba kijana yule amekwenda jehanamu. Familia ilibeba maneno hayo kwa miaka, hadi mwaka 1836 Joseph aliposema amemwona Alvin katika ufalme wa selestia. Ubatizo kwa ajili ya wafu alianza kuufundisha hadharani mwaka 1840, kwenye mazishi pia, huko Nauvoo, Illinois. Huyo Joseph F. Smith wa 1918 alikuwa mtoto wa miaka mitano baba yake alipouawa katika jela ya Carthage, na mwaka ule wa maono alikuwa amemzika mwanawe. Unaona ni watu gani? Ni watu waliowakosa wafu wao. Walitamani kuwaona tena, na kila mstari umeandikwa kwa hamu hiyo.

Wewe umetoka nyumba nyingine. Siku baba alipofariki, nyumba yenu ilivuta pumzi. Kwa hiyo yule mama anapokuambia marehemu anausubiri mkono wako, anasema maneno yaliyomfariji yeye kwa baba yake mwema. Hajui amempa nani. Usimchukie, lakini pia usiyachukue maneno yake kama hati ya mahakama.

Sasa hili la kwamba wewe ndiye unayemfungia. Naomba tulitazame polepole. Nani amekukabidhi ufunguo? Kanisa lako lenyewe linafundisha kwamba kazi ya wafu itaendelea hata katika ile miaka elfu, na kwamba hakuna atakayepotea kwa sababu tu jamaa yake hapa duniani hakuwahi. Kama baba yako yuko gerezani, kilichomfungia ni alichokifanya Nyarugusu. Ulikuwa binti mdogo mle ndani, ukihesabu unga. Ni ajabu jinsi mtoto wa kwanza anavyoweza kubebeshwa mzigo wa mtu mzima hata baada ya mtu mzima huyo kuzikwa.

Na hili la kutaka aadhibiwe. Kwetu tumelelewa kwamba marehemu hasemwi vibaya, kwa hiyo hasira inakosa pa kutokea, inarudi kama ndoto. Nakuuliza tu, bila kukujibia: ukisema unataka aadhibiwe, unataka aumie? Au unataka mtu fulani, hata kama ni Mungu peke yake, aseme kwa sauti kwamba lililotendeka lilikuwa baya, na kwamba mtoto yule hakufa kwa bahati mbaya? Hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili halikuhitaji kumwomba Mungu msamaha, kama ambavyo ugali ule haukuhitaji.

Unaweza kufanya nini na kadi? Naona njia kadhaa, na kila moja ina miiba yake.

Unaweza kuiacha ilipo. Hakuna tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake. Lakini kuiacha kimya kimya kuna hatari: mdogo wako ni mtu mzima na ni mtoto wa marehemu kama wewe, anaweza kulipeleka jina mwenyewe siku moja, na ukaja kulisikia kanisani mbele za watu. Ukichagua kungoja, ngoja kwa kusema. Mwambie, “Siko tayari, na sababu ninayo.”

Unaweza kuruhusu ubatizo tu, ukazuia mengine. Ubatizo, kuthibitishwa, endaumenti (ibada ya maagano ya hekaluni) na kuunganishwa kama familia ni ibada tofauti, hazifungwi pamoja kama mzigo wa kuni. Kumuunganisha baba na mama, au wewe na baba, ni hatua yake yenyewe na ina ridhaa yake. Juu ya hofu yako ya kuwa binti yake milele, viongozi wa kanisa lenu wamekuwa wakifundisha kwamba hakuna atakayelazimishwa kubaki katika muungano asioutaka. Muulize rais wa tawi akuthibitishie hilo mwenyewe, ulisikie kwa sikio lako. Mwiba wa njia hii ni kwamba hatua ya kwanza ikishafanyika watu hukusukuma kwenye ya pili, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni: kukataa kitu cha kanisani ni kugumu zaidi kwa mtu ambaye kanisa hilohilo lilimpokea alipofika nchi ya watu bila jamaa.

Unaweza pia kumkubalia mdogo wako aende na wewe ukabaki nyumbani. Mwanamke haingii majini kwa jina la mwanamume, kwa hiyo hutakiwi hata kuwapo. Wengine jambo hili huwapa nafuu. Wengine hujiona wamesalitiwa na ndugu yao wa damu. Wewe ndiye unayejijua.

Lakini kabla ya yoyote kati ya hayo, kuna mama. Kanisa lako lina utaratibu kwamba kwa marehemu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita, jamaa wa karibu aliye hai aridhie, na mjane ambaye hakuachika hutajwa wa kwanza. Watoto nao ni jamaa wa karibu, kwa hiyo sisemi mama ana kura ya kuwafunga ninyi. Nasema utaratibu huo unakupa sababu nzuri ya kukaa naye. Ameshakupa aya ya Waebrania. Sijui kama amekupa yote. Mwanamke aliyepoteza sikio na mtoto kwa mkono wa mtu mmoja anaweza kusema “tumwachie Mungu” akiwa na maana ya “mimi nimemaliza naye, msimrudishe nyumbani kwangu.” Kaa upande wake wa kulia, muulize, na usiende na Mafundisho na Maagano mkononi. Huenda akakasirika. Huenda akakuambia mambo ambayo hukuyajua, nayo ni mazito kuyabeba. Chagua siku ambayo asubuhi yake huendi kazini.

Kisha mdogo wako. Hapa nina wasiwasi kuliko hata hekaluni. Kijana huyu ana baba mmoja tu, wa mabegani, na kwa umri wake wa miaka mitano huenda hata kumbukumbu hiyo amesaidiwa kuijenga. Ukimweleza, unamnyang'anya. Usipomweleza, kila Jumapili anaendelea kukuomba umbariki mtu aliyewaua nusu, naye hajui anachokuomba. Sijui lipi ni zito. Najua tu kwamba si lazima umwambie yote kwa mara moja, wala si lazima umfanye aache kumpenda baba yake. “Baba wa kwako alikubeba. Wa kwangu alimpiga mama. Ni mtu mmoja.” Anaweza kukataa kuamini. Mpe muda, na mama akiridhia, muwe wawili mnaposema.

Kwa rais wa tawi, nenda ukijua kwamba ni mtu wa kujitolea, halipwi mshahara, mchana ana kazi yake, na hakusomea majeraha ya namna hii. Anaweza kukuambia haraka haraka usamehe. Ukiona hivyo, mwambie kwamba hujaja kuuliza juu ya kusamehe, umekuja kuuliza kama kuna mtu anakulazimisha. Jibu la swali hilo atakuwa nalo.

Kwa ndoto, tafuta mtaalamu. Kliniki za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa zikupatie mkalimani bila malipo, lakini mkalimani wa Kiswahili mjini kwenu anaweza kuwa shemeji wa jirani yako, au mtu mliyepanga naye foleni ya mgao. Omba wa kwenye simu, aliye jimbo jingine, na usilitaje jina lako mbele yake. Una haki ya kuomba hivyo, na wahudumu wameshazoea kuombwa. Waambie pia kwamba ndoto ni za mtu aliyefariki anayegonga mlango, usiishie kusema hulali vizuri, kwa sababu ukisema hivyo tu watakuandikia dawa ya usingizi wakuage.

Ukizungumza na mama, niandikie tena. Na mwambie mzee mwenzangu huyo kwamba namsalimu sana.